Ugoni na Uasherati

Uzinzi na uasherati, maneno ambayo huko Kilosa na Mikumi hubandikwa bila kuchagua kwa kila anayesemwa vibaya, hayana maana moja, kwani uzinzi ni kosa dhidi ya ndoa, yaani mwenye mume au mke kulala na mtu mwingine, ilhali uasherati ni mwenendo wa kuendekeza tamaa, awe mtu ana ndoa au hana. Tendo moja latosha kumfanya mtu mzinzi. Uasherati hujengwa na mazoea.

Biblia ya Kiswahili, katika Waebrania 13:4, huwataja waasherati na wazinzi kama watu wa aina mbili, na sheria ya Kiislamu, ingawa hukusanya yote chini ya neno zinaa, hutofautisha adhabu kwa kuangalia kama mtenda amewahi kuingia katika ndoa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hushughulika na uzinzi, ambao mahakamani huitwa ugoni: kifungu cha 72 humruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake, na kifungu cha 107 huuhesabu ugoni, hasa unaorudiwa, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Dereva wa lori aliyeacha mke Mbeya akalala gesti ya Mikumi na mwanamke asiyeolewa huondoka asubuhi bila jina lolote, huku mwanamke akibaki kuitwa malaya na watu wa stendi, na huko ni kumwonea, kwa kuwa aliyeivunja ahadi ya ndoa ni dereva, na mwanamke hawezi kutozwa fidia iwapo ataithibitishia mahakama kwamba hakujua, wala kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kuwa mwenzake ana mke.

Kifungu cha 74 huitaka mahakama, inapokadiria fidia, izingatie mila za jamii ya wahusika, na hapo Kilosa ina uzito wake, kwa sababu Wakaguru, Wasagara na Wavidunda ni watu wa ukoo wa mama, ambao kwao mtoto huhesabiwa upande wa mamaye, baba awe yeyote. Mume wa huko anayedai ugoni hana msingi wa kulalamika kwamba ukoo wake umeingiziwa mtoto wa nje, hoja ambayo mdai wa jamii ya ukoo wa baba angeitanguliza. Anachodai ni heshima ya ndoa yenyewe, na hata hiyo hupimwa kwa kuangalia kama yeye na mkewe walikuwa bado wakiishi pamoja.