Kujichagulia: Kiswahili na Mvuto wa Utaifa wa Watu Weusi Marekani

Mvuto wa harakati za utaifa wa watu weusi nchini Marekani aghalabu huelezwa kwa kutaja umaskini, ubaguzi wa makazi na ukatili wa polisi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayabainishi kwa nini baadhi ya harakati hizo ziliazima msamiati wa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya jibu imo katika neno moja: kujichagulia.

Agosti 1965, machafuko ya mtaa wa Watts, Los Angeles, yalisababisha vifo vya watu 34. Mwaka huohuo, Maulana Karenga na wenzake waliunda shirika la US. Mwaka 1966 Karenga akaasisi Kwanzaa, sikukuu ya siku saba yenye Nguzo Saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Kimofolojia, kujichagulia linaunganisha kiambishi -ji- na kauli ya kutendea: anayechagua ndiye anayechaguliwa kwa manufaa yake. Wasemaji wa Afrika Mashariki wangetarajia kujitawala au kujiamulia. Hata hivyo, kwa watu ambao majina mengi ya koo zao yalitokana na mabwana wa watumwa, kilichoporwa ni uwezo wenyewe wa kuchagua.

Wapo wanaopinga kwamba wengi wa mababu hao walitoka Afrika Magharibi na Kati, si upwa wa Kiswahili. Pingamizi hili lina uzito, lakini linapima lugha kwa urithi tu. Aliyenyang'anywa kumbukumbu ya kabila lake angedaije lugha ya kabila moja bila kubahatisha? Kiswahili, lugha inayovuka mipaka ya makabila, kiliweza kuchaguliwa na wote.

Uchaguzi huo ulibadili hata pragmatiki ya lugha. Wakati wa Kwanzaa, "Habari gani?" haijibiwi "Nzuri", bali kwa nguzo ya siku: "Umoja!" Swali la kujuliana hali limekuwa swali la msimamo.

Hata hivyo, msamiati mpya haukufuta ngazi zote za mamlaka. Ndani ya US, wanawake waliwekwa chini ya wanaume. Kwa hiyo, mvuto wa harakati hizi hauna budi kupimwa kwa swali ambalo sarufi yenyewe inalizua: katika kujichagulia, -ji- inamrejelea nani?