Majuma ya Kwanza Bila Sigara

Mtu aliyeacha sigara huona taabu kubwa siku za kwanza, hasa ya 2 na ya 3: hasira, njaa, usingizi haba. Asidhani ameugua, mwili wadai nikotini uliyoizoea. Baada ya majuma 2 hata 4 taabu hupungua sana.

Hamu ikikujia, hukaa dakika chache tu. Tafuna muwa, kunywa maji, au toka utembee.

Kwetu Iringa pana mitego miwili: motoni alfajiri ya baridi ya Juni, na kilabuni penye ulanzi. Moto hatuwezi kuukimbia. Ulanzi waweza kungoja mwezi mmoja. Ukiteleza ukavuta moja, tupa zilizobaki, uanze tena siku hiyo hiyo.