Fahamu: Jina Esposito lilitoka wapi, na leo liko wapi?

Mwaka 2022, Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kuwa mtoto asipewe tu jina la ukoo la baba; atapewa majina ya wazazi wote wawili, isipokuwa wakikubaliana vinginevyo. Lakini Esposito, mojawapo ya majina yaliyoenea sana nchini humo, lilianza kwa watoto ambao wazazi wao hawakujulikana.

Lilianzaje?
Limetokana na neno la Kilatini expositus, yaani aliyewekwa nje. Mjini Naples, ukutani mwa Annunziata, nyumba iliyolea watoto walioachwa, palikuwa na kasha la mbao linalozunguka. Mtu alimlaza kichanga humo, akalizungusha, naye akapokewa upande wa ndani bila nyuso kuonana. Kasha hilo lilifungwa mwaka 1875.

Na miji mingine?
Florence watoto kama hao waliitwa Innocenti, kwa jina la hospitali iliyowalea. Milan wengi walipewa Colombo, kwani njiwa alikuwa nembo ya hospitali kuu ya mji.

Leo liko wapi?
Ngome yake ni mkoa wa Campania, hasa Naples. Wahamiaji walilivusha bahari hadi Argentina, Marekani na Kanada, alikozaliwa Phil Esposito, nyota wa hoki ya barafuni. Mwigizaji Giancarlo Esposito alizaliwa Copenhagen, baba Mwitaliano, mama Mmarekani mweusi.

Je, kina Esposito wote ni ndugu?
La. Watoto wengi wasio na udugu wa damu walipewa jina hilohilo, hivyo kulingana majina si ushahidi wa ukoo mmoja.