Stempu Ambazo Hazikusafiri

Je, wajua kwamba kuanzia mwaka 1922 Kenya na Uganda zilikuwa na stempu ya pauni 100? Ina sura ya Mfalme George wa Tano, imepigwa kwa rangi nyekundu na nyeusi, na ni ndefu kuliko stempu za kawaida. Pauni 100 wakati huo zilikuwa shilingi 2,000, ilhali barua ililipiwa kwa senti. Mfululizo wenyewe ulikuwa pia na stempu za pauni 25, 50 na 75. Sheria iliruhusu zitumike posta, lakini ni barua gani, au hata furushi gani, lingehitaji nauli ya kiasi hicho?

Kazi yake ilikuwa mezani kwa wakili na kwa msajili wa ardhi. Stempu nyingi za makoloni ya Waingereza zilikuwa za matumizi mawili, posta na mapato ya serikali. Ile ndogo ilibandikwa kwenye bahasha ikapigwa muhuri na kusafiri. Ile kubwa ilibandikwa kwenye hati ya kuuza kiwanja, mkataba wa kukodi ardhi au hati ya rehani, ikafutwa kwa wino, kisha hati ikafungiwa kwenye faili. Ilikuwa risiti ya serikali: ushahidi kwamba ushuru umelipwa na kwamba makubaliano yale yana nguvu mbele ya mahakama.

Kwa miaka mingi wakusanyaji wa stempu waliidharau hii ya pili. Stempu iliyochorwa kwa kalamu ya karani ilionekana imeharibika, na mpaka leo stempu ya pauni 100 iliyotumika kwa ushuru huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile ambayo haijaguswa. Mimi naona dharau hiyo haina msingi. Stempu ya barua inakwambia kwamba mtu fulani alimwandikia mwenzake. Stempu ya ushuru, ikiwa bado iko kwenye hati yake, inakwambia nani alimuuzia nani, kipande gani cha ardhi, kwa bei gani na siku gani. Kwa nchi ambayo historia yake kubwa ni ya ardhi, huo ni utajiri mkubwa.

Chukua mfano wa Spring Valley, magharibi mwa jiji la Nairobi, unapotoka Westlands kuelekea Kabete. Leo ni mtaa wa nyumba zenye bustani na mageti marefu, na maghorofa yanaongezeka kila mwaka. Zamani upande huu wote wa jiji ulikuwa na mashamba ya kahawa, na mashamba hayo yakakatwa viwanja polepole. Chini ya sheria ya ardhi ya 1915 walowezi waliweza kupewa mashamba kwa mkataba wa miaka 999. Mitaa ya magharibi ilitengewa Wazungu. Mwafrika aliingia humo kama mpishi, yaya au mtunza bustani, na hakuruhusiwa kuwa mwenye kiwanja. Kila mara shamba lilipokatwa, kiwanja kilipouzwa au nyumba ilipowekwa rehani, ushuru ulilipwa na stempu ikatumika.

Ukizipanga hati za namna hiyo kwa miaka, unaona sura zikibadilika juu ya karatasi: George wa Tano, kisha George wa Sita, kisha Malkia Elizabeth. Baada ya tarehe 12 Desemba 1963, siku ya Uhuru, Kenya ilipoanza kutoa stempu kwa jina lake yenyewe, majina ya wanunuzi nayo yanaanza kubadilika. Hakuna albamu ya stempu za barua inayoweza kukuonyesha badiliko hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Lakini kabla ya pauni kulikuwa na rupia, na kabla ya serikali kulikuwa na kampuni. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati yake mwaka 1888, na Mei 1890 ikatoa stempu za kwanza za eneo ambalo baadaye lingeitwa Kenya. Hazikuwa mpya. Zilikuwa stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya pili juu yake: jina la kampuni na thamani mpya kwa anna, kwa kuwa pwani ilitumia rupia ya India, na rupia moja ilikuwa anna 16. Stempu ya peni moja ikawa ya nusu anna, ya peni mbili ikawa ya anna moja, na ya peni tano ikawa ya anna nne. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikatoa zake yenyewe. Hazina sura ya malkia. Zina jua linalong'aa, taji juu yake, na maneno ya Kiingereza yanayotangaza nuru na uhuru. Ni ahadi nzito kwa kampuni iliyokuja kufanya biashara na kutawala watu.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni mwaka 1891. Stempu za thamani ndogo zilikwisha Mombasa, na meli ya kuleta nyingine haikuwa karibu. Maofisa wa kampuni wakachukua stempu za thamani nyingine, wakaandika au kupiga thamani mpya juu yake, na kila moja ikatiwa herufi za kwanza za jina la ofisa kwa mkono ili raia waiamini. Herufi mojawapo ni A.D., yaani Andrew Dick, mhasibu mkuu wa kampuni. Baadaye Dick aliacha kazi akawa mfanyabiashara wa bara, na Novemba 1895 akauawa katika bonde la Kedong, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa magharibi mwa Nairobi, alipowafuata kwa bunduki Wamaasai waliokuwa wameshambulia msafara wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili. Wino wake bado uko kwenye vipande vya karatasi visivyozidi upana wa kidole gumba.

Jirani zetu walikuwa na dhiki kama hiyo, na ubunifu wao ulikuwa mkubwa zaidi. Machi 1895, huko Mengo, mmisionari Ernest Millar alikaa mbele ya taipureta yake akapiga stempu za Uganda moja baada ya nyingine: herufi U na G juu, na nambari katikati. Nambari hizo hazikuwa za peni wala za anna. Zilikuwa za kauri, simbi za baharini zilizokuwa fedha ya sokoni. Kauri 200 zilihesabiwa kuwa rupia moja. Kulikuwa na stempu za kauri 5, 10, 15, 20 na kuendelea hadi 60. Alipobadilisha utepe wa mashine, wino mweusi ukawa wa zambarau, na wakusanyaji wanazitenganisha hadi leo kwa rangi hiyo na kwa upana wa kila kipande. Kwa kuwa taipureta ya zamani inaweza kupatikana na mtu yeyote mwenye nia mbaya, stempu hizi zimeghushiwa sana. Anayekuuzia bila cheti cha wataalamu, mwache na mzigo wake.

Zanzibar nayo iliazima. Mwaka 1895 ilichukua stempu za India ikazipiga chapa ya jina lake katika kiwanda cha gazeti la serikali. Mpanga herufi alikosea, na katika baadhi ya karatasi pakatoka «Zanzidar». Stempu yenye kosa hilo ni ghali mara nyingi kuliko yenye jina sahihi.

Kuanza kwa kuazima na kubahatisha hakukuwa aibu ya Afrika Mashariki peke yake. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza duniani Mei 1840. Brazili ilifuata tarehe 1 Agosti 1843 kwa stempu za reis 30, 60 na 90, ambazo wakusanyaji huziita macho ya fahali kwa sababu ya umbo lake. Zina tarakimu kubwa tu, hazina sura ya Mfalme Pedro wa Pili. Inasimuliwa kwamba haikufaa uso wa mfalme upigwe muhuri mweusi kila siku. Na nchini Chile, mwishoni mwa karne ya 19, zilipopungua stempu za posta, stempu za ushuru ziliruhusiwa kubandikwa kwenye barua. Mpaka kati ya stempu ya posta na ya mapato umekuwa mwembamba kila mahali.

Wembamba huo ndio uliowapa wadanganyifu nafasi. Ikiwa stempu ya pauni 50 isiyotumika ni ghali na iliyochorwa kwa kalamu ni rahisi, mtu atajaribu kuosha wino. Waliotengeneza stempu walijua. Thamani nyingi kubwa zilipigwa kwenye karatasi iliyopakwa tabaka laini la chaki, kwa wino unaovuja ukiguswa na maji. Wino wa zambarau na wa kijani ni mwepesi zaidi kuharibika. Ukijaribu kuondoa kalamu, picha inaondoka nayo. Karatasi ya chaki inajulikana kwa jaribio la zamani: ncha ya fedha halisi ikiigusa pembeni huacha mstari mweusi kama wa penseli, ingawa simshauri mtu kuchora stempu ya thamani. Njia salama ni taa ya zambarau, ileile ambayo wenye maduka Nairobi huitumia kukagua noti. Chini ya taa hiyo, mahali palipooshwa kalamu mara nyingi hujitokeza kama kivuli. Tazama pia kama kuna vitobo vidogo vilivyozibwa, kwa kuwa ofisi nyingine zilifuta stempu kwa kuitoboa. Na usiloweshe stempu ya chaki kwenye maji ili kuibandua. Utabaki na karatasi iliyopauka.

Jicho hilo la makini ndilo raha ya kazi hii. Mfano mzuri ni stempu ya senti 5 ya mwaka 1935, mwaka ambao Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu za pamoja. Inaonyesha dau lenye tanga katika Ziwa Victoria. Katika toleo moja kamba ya kushoto haijafika kwenye tanga. Katika jingine imefika. Tofauti ni ya mstari mwembamba kama unywele, lakini bei zinaachana sana. Stempu hizo za nchi tatu ziliendelea kwa miongo, na huduma ya pamoja ya posta ikafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza.

Mkenya aliyeelewa thamani ya vitu hivi mapema ni Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka 1966. Alikusanya vitabu, vinyago, nguo, vito na stempu, akakataa kuviuza nje ingawa kulikuwa na wanunuzi. Sehemu ya hazina yake imo katika Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, na nyingine katika Nairobi Gallery, jengo la mawe la 1913 kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Mkazi wa Spring Valley anafika hapo kwa matatu moja. Murumbi alifariki 1990 na kuzikwa City Park, Parklands.

Stempu ya mapato yenyewe haijafa. Wengi wetu tunawakumbuka wazazi wakitia sahihi juu ya stempu ndogo ili risiti ikubalike. Sahihi ile ndiyo iliyoifuta stempu isitumike tena. Leo anayenunua nyumba Spring Valley hulipa ushuru wa stempu wa asilimia nne ya thamani, kiwango cha ardhi ya mjini, lakini hulipa kwa kompyuta na hakuna cha kubandika. Kwa upande mwingine, tangu Novemba 2019 hata chupa ya maji ya kunywa nchini Kenya inatakiwa kuwa na stempu ya ushuru yenye alama za kusomwa na simu. Tunaichana tunapofungua kizibo na kuitupa, kama zilivyotupwa stempu za A.D. na za kauri za Mengo na watu waliozoea kuziona kila siku.

Basi kama nyumbani kwenu kuna sanduku la hati za zamani, za shamba, kiwanja au mkopo wa babu, lifungue kwa mikono mikavu. Ukikuta stempu yenye sura ya mfalme na mstari wa kalamu juu yake, usiikate wala kuibandua, hata mnunuzi akikuambia ni stempu tu anayoitaka. Piga picha ukurasa mzima, uutie kwenye bahasha ya plastiki isiyo na gundi, uuweke mbali na unyevu. Stempu na hati yake vikae pamoja.