Dag Hammarskjöld na Swali la Ndola

Kofia za buluu ambazo Pinga, mpakani mwa Masisi na Walikale, imezijua kwa jina la MONUSCO ziliingia Kongo kwa mara ya kwanza Julai 1960. Aliyezituma ni Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyezaliwa Jönköping mwaka 1905, mwanauchumi, na tangu 1953 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Waliomteua walitarajia karani mtulivu. Wakampata mtu asiyekubali kutumwa na dola lolote. Hata Khrushchev alipomtaka ajiuzulu, mwaka 1960, alikataa. Lawama ya Lumumba ilikuwa nzito zaidi, wala haikukosa msingi: majeshi ya Umoja yalisita kuikomesha Katanga iliyojitenga.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, akienda kuonana na Tshombe, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Tume ya Rhodesia ilimlaumu rubani. Wachoma makaa waliosema wameona ndege nyingine angani hawakusadikiwa. Ushahidi wa Mwafrika, katika koloni lile, ulikuwa na uzito mdogo.

Uchunguzi ulipofunguliwa upya mwaka 2015 ulikabidhiwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Yeye aliwapa mashahidi hao uzito wao. Taarifa yake ya 2017 ilisema yamkini ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na taarifa zilizofuata zilizitaja Marekani, Uingereza na Afrika Kusini miongoni mwa nchi zinazoelekea kuwa na habari zisizofichuliwa bado.