Usingizi hauandamwi, husubiriwa

Mtahini wa nje ndiye aliyenifumbua macho. Alipokuwa akizipitia karatasi za mtihani nilizokuwa nimesahihisha, aligundua kwamba mwanafunzi aliyestahili alama 43 nilikuwa nimemwandikia 34. Maadamu alama ya kupita ni 40, kijana huyo angeanguka kwa kosa lisilo lake. Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa nikishtuka saa saba usiku na kugaagaa hadi karibu na alfajiri, kisha naamkia kazini kichwa kizito kama jiwe.

Kama ilivyo desturi ya wengi wetu, nilimwendea daktari nikitaraji tembe. Hakunipa. Alinielekeza kwa mwanasaikolojia anayetibu usingizi kwa kurekebisha mienendo. Nilikwenda shingo upande, nikidhani naenda kusomewa mawaidha. Badala yake nilipewa daftari, nikaagizwa niandike kila asubuhi saa niliyopanda kitandani, saa niliyokadiria kuwa nililala, na mara nilizoamka. Baada ya majuma mawili daftari hilo lilinisuta. Nilikuwa nikikaa kitandani saa 9 na kulala saa 5 na nusu. Saa zilizosalia nilikuwa nikisahihisha mitihani, nikisoma tasnifu na kubishana na mto.

Tiba hii si ya jana. Mnamo mwaka wa 1972, mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin alieleza kwamba mtu anayekesha kitandani hukizoesha kitanda kuwa mahali pa kukesha. Akashauri kitanda kisifanyiwe kazi wala masomo. Mtu apande akiwa na usingizi. Ukikawia, aondoke hadi umrudie, na aamke saa ile ile kila siku, alale asilale. Mwaka wa 1987, Arthur Spielman na wenzake wakaongeza jambo linaloshangaza: asiyepata usingizi apunguziwe muda wa kukaa kitandani ukaribiane na muda anaolala hasa, kisha aongezewe kidogo kidogo kadiri usingizi unavyotulia. Mwaka wa 2016, Chuo cha Matabibu cha Marekani kilipendekeza kwamba watu wazima wenye ukosefu sugu wa usingizi waanzishiwe tiba ya fikra na mienendo kabla ya kufikiriwa dawa.

Kwangu mimi mwanaisimu, jambo hili lilikuwa limefichika katika lugha yetu wenyewe. Mswahili husema usingizi umemjia, umemchukua, au umemruka. Twaweza kusema tumeutafuta usingizi usiku kucha, lakini nani amewahi kusema ameukamata? Katika sarufi yetu usingizi ndio mtenda, nasi ndio watendwa. Anayeuandama huufukuza. Kazi ya mtaalamu si kumlaza mgonjwa, bali ni kumwondolea yale yanayouzuia usingizi kuja.

Sitaki msomaji adhani tiba hii ni lelemama. Juma la kwanza nilisinzia mkutanoni hadharani. Tena si ya kila mtu: anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini ana ugonjwa mwingine wenye tiba yake, dereva, au mwenye kifafa, asijipunguzie saa za kitandani bila mtaalamu, na anayetumia dawa za usingizi asiziache ghafla bila idhini ya daktari. Hata hivyo, baada ya majuma sita nilikuwa nikilala hadi saa kumi na moja na nusu bila kushtuka.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Mimi nilitafuta usingizi nikaukosa. Wanafunzi wetu wanao, nasi twawanyang'anya. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinatenga muda wa kulala katika shule za mabweni kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Je, ni shule ngapi zinazoiheshimu saa hiyo? Kengele hulia saa kumi alfajiri, na mtoto husinzia darasani kisha akaitwa mvivu. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Hakuna tiba ya mienendo itakayomfaa anayenyimwa hata muda wa kulala.

Nanyi wanafunzi, msijivunie kukesha. Vitabu na simu viachwe mbali na kitanda, na saa ya kuamka iwe moja, hata Jumapili. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Usingizi wangu uliharibiwa na mazoea, ukaponywa na mazoea.

Alama za yule kijana zilirekebishwa. Sijui ni wangapi waliotangulia ambao makosa yangu hayakuonwa na mtu.