Dawa za Kuzuia Chembe za Damu Zisipindike

Ugonjwa wa selimundu huwatesa watoto wengi kwa maumivu ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu.

Chembe nyekundu za damu ni za mviringo, nazo huchukua oksijeni kwa himoglobini iliyo ndani yake. Himoglobini ya mgonjwa ina kasoro moja ndogo, ambayo Vernon Ingram aliibainisha huko Cambridge mwaka 1957. Oksijeni ikiisha kutoka, himoglobini hiyo hushikamana kama nyuzi ngumu. Chembe hupindika mfano wa mundu, ikaziba mishipa myembamba.

Basi wataalamu walitafuta dawa ya kuzuia jambo hili. Hutwaa tone la damu ya mgonjwa, huliondolea oksijeni, kisha hutazama kwa hadubini na kuhesabu chembe zilizopindika, penye dawa na pasipo dawa. Mwaka 1971 Cerami na Manning, wa New York, waliona ya kuwa sianeti huzuia sana. Lakini wagonjwa walipopewa, wengine waliharibika neva, na wengine macho yakaingia ukungu, ikaachwa. Hata vokselota, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2019, iliondolewa na watengenezaji wake mwaka 2024. Kumbe lifaalo katika chupa huenda likadhuru mwilini.

Iko njia nyingine. Mwaka 1948 Janet Watson alieleza ya kuwa watoto wachanga hukingwa na himoglobini waliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Dawa iitwayo haidroksiyurea huiongeza himoglobini hiyo. Ilijaribiwa kwa watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda; habari zilipotolewa mwaka 2019, ilionekana ya kuwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto augapo mara kwa mara msiseme amerogwa, wala msinunue dawa ya mtu apitaye njiani. Mpelekeni hospitali apimwe damu. Na akipewa haidroksiyurea, arudi kupimwa kila aambiwapo na mganga. Nanyi walimu, mtoto huyo si mvivu: mpeni ruhusa ya kunywa maji, na msimwache katika baridi.